Tovuti nyepesi: historia fupi kutoka Kisii na Nyamira

Watu wengi wanaotengeneza tovuti hapa Kenya husema kwamba tatizo la intaneti ya polepole liliisha mwaka 2009, mkongo wa baharini ulipofika Mombasa. Mimi ni mwandishi wa programu, na wateja wangu wengi wako Kisii na Nyamira: shule, vyama vya akiba na mikopo, wachongaji wa mawe wa Tabaka. Nikitazama kazi yangu ya kila siku naona jambo tofauti. Mkongo ulikuja, ni kweli, na faida yake tunaiona. Lakini kila njia ilipopanuliwa, kurasa za tovuti nazo zilinenepa, na mtu wa bondeni akabaki anangoja muda uleule, pengine hata zaidi.

Leo nitasimulia historia ya jambo hilo hapa Gusii. Ndani yake mna mbinu ambazo watengenezaji wa zamani walizijua vizuri sana, tena kwa lazima, na ambazo sisi wa leo tumeziacha.

Kwanza mahali penyewe, kwa msomaji asiyepajua. Kisii na Nyamira ni kaunti mbili jirani kusini magharibi mwa Kenya, kiasi cha kilomita 300 kutoka Nairobi ukipita Narok. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kabla ya katiba ya 2010 kuleta kaunti, sehemu hizi zilikuwa wilaya za Mkoa wa Nyanza. Ni nchi ya milima na mabonde, majani chai na migomba. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, mara nyingi alasiri, na radi za Kisii zinajulikana Kenya nzima. Ikumbuke milima, mvua na radi, maana zitarudi katika hadithi hii.

Kabla ya wavuti

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kenya haikuwa na intaneti kama tunavyoijua sasa. Kulikuwa na Fidonet. Kompyuta moja iliipigia nyingine simu kwa modemu, ikatuma na kupokea barua zote kwa fungu moja, kisha simu ikakatwa. Nairobi kulikuwa na kituo kwenye shirika la mazingira la ELCI, na mashirika yasiyo ya kiserikali yalikitumia kwa barua pepe. Simu za mbali zilikuwa ghali na laini zilikuwa chache. Kwa hiyo uliandika barua zako kwanza, ukazisoma tena, ukazipanga, na ukimaliza ndipo unaunganisha modemu.

Zingatia mpango huo: kazi yote hufanyika upande wa mtumiaji, na mtandao unaguswa kwa dakika chache tu. Laini ikikatika, barua haipotei. Bado iko kwenye diski na itakwenda jioni. Ni mpango wa busara ambao fomu nyingi za leo hazina.

Intaneti kamili ilianza kuuzwa Kenya mwaka 1995. Mojawapo ya kampuni za mwanzo ilikuwa Africa Online, iliyoanzishwa na Wakenya watatu waliosoma Marekani: Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno. Njia ya kwenda nje ya nchi ilikuwa mikononi mwa shirika la serikali, KPTC, ambalo mwaka 1998 lilianzisha uti wa mgongo wa intaneti ulioitwa Jambonet. Mwaka 1999 KPTC ikagawanywa, na Telkom Kenya ikarithi laini za simu pamoja na Jambonet.

Setilaiti na saiba

Kuanzia hapo hadi 2009, kila baiti iliyotoka Kenya kwenda ng'ambo ilipita kwenye setilaiti. Hapa lazima tupige hesabu kidogo, maana bila hesabu hii huwezi kuelewa kwa nini tovuti za miaka ile zilijengwa zilivyojengwa.

Setilaiti za aina ile hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi lako hupanda hadi kule na kushuka upande wa pili, na jibu hupanda na kushuka tena. Hata kwa mwendo wa mwanga, safari hiyo hula karibu nusu sekunde. Ukiongeza kazi ya mitambo njiani unafika kama sekunde 0.6. Hakuna pesa wala modemu mpya itakayopunguza muda huo, kwa kuwa umbali ni uleule.

Sasa chukua ukurasa wenye faili 30: picha ndogo za vitufe, mstari wa rangi, nembo, bendera. Kanuni za HTTP za 1999 zilipendekeza brauza isifungue zaidi ya njia mbili kwa seva moja kwa wakati mmoja. Faili 30 kwa njia mbili ni zamu 15. Zamu 15 mara sekunde 0.6 ni sekunde 9, na hapo hatujahesabu uzito wa picha hata moja. Hizo ni sekunde za kusafiri mikono mitupu.

Ndiyo maana mafundi wa wakati ule walikuwa na mbinu ambazo leo zinaonekana kama vitu vya makumbusho. Netscape ilikuwa na sifa iliyoitwa *lowsrc*, iliyoonyesha picha hafifu kwanza wakati picha halisi ikija. Picha za GIF zilihifadhiwa kwa namna ya kutokea zikiwa na ukungu, kisha zikasafika polepole, ili msomaji ajue kinachokuja na aamue kungoja au kuondoka. Kila picha ilipewa maneno yake ya *alt*, kwa sababu watu wengi walizima picha kabisa. Mwaka 2004 Dave Shea alieleza jinsi ya kuweka vitufe vyote ndani ya picha moja kubwa na kuvionyesha kimoja kimoja kwa CSS, ili safari ishirini ziwe safari moja. Jakob Nielsen alikuwa ameandika mwaka 1997 kwamba ukitaka ukurasa ufunguke kwa sekunde 10 kwenye modemu, usizidishe kilobaiti 34. Sekunde 10 ndipo mtu huanza kufikiria mambo mengine.

Tatizo jingine lilikuwa la kwetu wenyewe. Mwanzoni kampuni za intaneti za Kenya hazikuwa na mahali pa kubadilishana data humu nchini. Mtu wa Kisii aliyejiunga na kampuni moja akimwandikia mtu wa Nyamira aliyejiunga na nyingine, barua ilikwenda ng'ambo kwa setilaiti na kurudi kwa setilaiti. Miji hiyo miwili unaweza kuiunganisha kwa matatu kabla chai haijapoa! Kituo cha kubadilishana data, KIXP, kilifunguliwa Nairobi Novemba 2000. Telkom ililalamika na msimamizi wa mawasiliano, CCK, akaamuru kifungwe mwezi uliofuata. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Kwa hiyo kwa zaidi ya mwaka mzima tulikuwa na dawa mezani na hatukuruhusiwa kuinywa.

Wakati huohuo saiba zilikuwa zikifunguliwa, mjini Kisii kwanza, kisha kwenye miji midogo. Wale waliokuwepo watakumbuka: kompyuta kadhaa, laini moja, na malipo kwa dakika. Saa ya malipo ilikuwa kwenye pembe ya kioo na ilikimbia hata kama ukurasa haujafunguka. Kila kilobaiti ya mapambo aliyoiweka mtengenezaji wa tovuti ililipiwa na mteja kwenye kaunta. Wingu likitanda alasiri, mhudumu mwenye akili alichomoa waya wa simu nyuma ya modemu kabla radi haijamfanyia kazi hiyo.

Shirika la Aptivate la Cambridge, Uingereza, liliweka hali hii kwenye mwongozo wa kutengeneza tovuti kwa watu wenye laini nyembamba. Hesabu yao ilikuwa rahisi. Mtu anayegawana laini na wenzake mara nyingi hupata kilobiti 20 kwa sekunde. Kwa sekunde 10 atapakua kilobaiti 25. Basi ukurasa wako uwe kilobaiti 25. Sijaona tangu wakati ule kanuni iliyo wazi zaidi ya hiyo.

Simu yaipiku kompyuta

Katikati ya miaka ya 2000 mambo yakageuka. Kampuni za simu zilileta GPRS na baadaye EDGE, na simu za Nokia za bei nafuu zikawa na uwezo wa kufungua wavuti. Kwa watu wengi wa Gusii hiyo ndiyo ilikuwa intaneti ya kwanza. Hawakupitia kompyuta kabisa.

Lakini kurasa zilikuwa zimeandikwa kwa ajili ya kompyuta. Kilichookoa hali ni programu kutoka Norway, Opera Mini, iliyotolewa kwa dunia nzima Januari 2006. Mpango wake ulikuwa wa aina yake. Simu haikwenda kwenye tovuti. Iliiomba seva ya Opera, nayo seva ikaenda, ikapakua ukurasa mzima, ikaupanga upya kwa kioo kidogo, ikazikamua picha, ikaufunga wote kuwa kifurushi kimoja na kukituma. Uzito uliweza kupungua hadi asilimia 90. Safari thelathini zilifanywa na seva iliyokaa kwenye laini nene, na simu ya Nyamira ikafanya safari moja.

Ukitazama vizuri, Opera Mini ilikuwa inafanya kazi ambayo mtengenezaji wa tovuti alipaswa kuifanya na hakuifanya. Na ilifanya vizuri mpaka ikawalevya watengenezaji. Wengi walianza kusema, "Mtu wa simu atatumia Opera." Tatizo ni kwamba kurasa zilizoandikwa zaidi kwa JavaScript hazikupita vizuri kwenye seva ile. Kitufe kilichotegemea programu nzito ndani ya brauza kilikufa njiani. Habari ziliweza kusomwa, lakini fomu mara nyingi hazikujazika. Tofauti hiyo ya kusoma na kujaza ikumbuke pia.

Njia nyingine nyepesi haikuwa tovuti hata kidogo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi iliingia kwenye ghasia, na mpaka wa Borabu na Sotik, upande wa Nyamira, ulikuwa mmoja wa mahali palipoumia. Januari 2008 Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakaanzisha Ushahidi, ramani ya mtandaoni ya kuonyesha matukio kote nchini. Ramani kama ile ilikuwa nzito kwa simu za wakati ule. Lakini taarifa ziliweza kupelekwa kwa SMS. Mtu aliyeko kwenye hatari hahitaji kuona ramani. Anahitaji kusema kilichotokea kwa herufi 160 na aendelee kukimbia. Waliotengeneza Ushahidi walitenganisha mlango wa kuingizia habari na dirisha la kuzitazamia, na mlango wakaufanya mwepesi.

M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ilifuata akili hiyohiyo: menyu ndani ya kadi ya simu na ujumbe mfupi, hakuna ukurasa wa kupakua. iCow ya Su Kahumbu, iliyoanza kutumika 2011, ilimkumbusha mfugaji siku za ng'ombe wake kwa ujumbe wa simu. Kwa mfugaji mwenye ng'ombe wawili huko Nyamira, huo ulikuwa mfumo wa kompyuta uliofanya kazi hata simu yake ikiwa na tochi tu na redio.

Mkongo wafika, kurasa zanenepa

Mkongo wa TEAMS, kutoka Fujairah hadi Mombasa, ulipokelewa Juni 2009 na Rais Kibaki. SEACOM ukafuata Julai mwaka huohuo, na EASSy mwaka 2010. Aliyeusukuma TEAMS serikalini alikuwa Bitange Ndemo, mwana wa Gusii, aliyekuwa Katibu wa Kudumu wa Wizara ya Habari na Mawasiliano kuanzia 2005 hadi 2013. Safari ya kwenda Ulaya na kurudi ikashuka kutoka sekunde 0.6 hadi sehemu ndogo ya muda huo. Mwaka 2011 simu ya Huawei Ideos ikauzwa kwa takriban shilingi 8,000, na simu janja zikaanza kuonekana hata sokoni Keroka.

Hapo ndipo watengenezaji tulipopumua. Tukasema shida imekwisha. Takwimu za mradi wa HTTP Archive zinaonyesha kilichotokea: Novemba 2010 ukurasa wa kawaida duniani ulikuwa na uzito wa kama kilobaiti 470. Kufikia 2024 ukurasa huo umepita megabaiti 2, hata ule unaotumwa kwa simu.

Hebu sasa tulinganishe watu watatu, ndugu msomaji. Chukua kalamu.

Wa kwanza ni mtu wa 1997 mwenye modemu inayompa kilobaiti 3 kwa sekunde. Anafungua ukurasa wa kilobaiti 34 aliopendekeza Nielsen. Anangoja sekunde 11.

Wa pili ni mtu wa leo mwenye 3G inayompa megabiti 1 kwa sekunde, yaani kilobaiti 125. Anafungua ukurasa wa kawaida wa megabaiti 2. Anangoja sekunde 16.

Wa tatu ni mtu wa leo ambaye simu yake imeshuka kwenye EDGE na anapata kilobiti 100 kwa sekunde. Ukurasa uleule wa megabaiti 2 utamchukua dakika mbili na sekunde 40, kama hautakatika.

Mtandao umekuwa bora mara nyingi, lakini wawili wa leo wanangoja kuliko yule wa 1997. Anayefaidi ni yule aliyekaa chini ya mnara wa 4G mjini. Ndiye pia anayetengeneza tovuti.

Kuna kisa kimoja kutoka YouTube ambacho kila mtengenezaji angepaswa kukijua. Mwaka 2009 mhandisi wao, Chris Zacharias, aliona ukurasa wa video umefika megabaiti 1.2. Akautengeneza upya ukawa kilobaiti 98, akaupa jina Feather, yaani unyoya. Wakautoa kwa baadhi ya watumiaji na kupima. Wastani wa muda wa kufunguka ukapanda! Ukurasa mwepesi ulionekana kuwa wa polepole zaidi. Walipochunguza ramani wakaona sababu. Watu wa Afrika, Amerika Kusini, Asia Kusini Mashariki na hata Siberia, ambao hawakuweza kabisa kuufungua ule wa zamani, walikuwa wameanza kuingia. Walikuwa wanangoja dakika mbili, lakini zamani wangengoja zaidi ya dakika ishirini. Wastani ulipanda kwa sababu wageni wapya walikuwa wamehesabiwa kwa mara ya kwanza.

Kisa hicho kinaeleza kwa nini takwimu za tovuti zetu hutudanganya. Mtu aliyeshindwa kufungua hayumo kwenye takwimu. Unaangalia ripoti, unaona wageni wako wote wana laini nzuri, unaridhika, na kuongeza picha nyingine.

Kwa nini bado ni polepole

Nimeulizwa mara nyingi: kama kaunti zote zimefikiwa na nyaya za mkongo, hiyo EDGE inatoka wapi? Jibu la kwanza ni milima. 2G husafiri kwa masafa ya 900 MHz, ambayo hufika mbali na kupenya kuta na miti kwa urahisi zaidi. 3G ilikuja kwenye 2100 MHz, ambayo huchoka mapema. Mnara ukiwa juu ya kilima, nyumba iliyo upande wa pili wa kilima hupoteza 3G na 4G kwanza, na simu hujishikiza kwenye 2G. Ukitembea kutoka barabarani kushuka mtoni, herufi kwenye kioo hubadilika: 4G, H, E. Umetembea dakika kumi na umerudi miaka kumi na mitano nyuma.

Jibu la pili ni watu. Gusii ina wakazi wengi kwa eneo dogo, na mnara mmoja hugawanywa na wote. Jioni kila mtu akirudi nyumbani na kuwasha simu, kasi iliyoandikwa kwenye tangazo hugawanywa kama ugali wa wageni.

Jibu la tatu ni pesa. Mtu aliyenunua bando la megabaiti 50 akifungua fomu ya megabaiti 3 mara 16, bando limekwisha. Kwake laini inaweza kuwa ya kasi sana, na bado tovuti yako ikawa nzito, kwa sababu uzito anaupima kwa mfuko.

Jibu la nne ni kwamba mikongo hukatika. Februari 2012 meli ilikata TEAMS kwa nanga karibu na Mombasa. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika karibu wakati mmoja upande wa kusini, na Afrika Mashariki nzima ikarudi kwenye mwendo wa konokono. Wiki ile hata watu wa Nairobi walipata nafasi ya kuzijaribu tovuti zao kama mtu wa Nyamira anavyozijaribu kila siku.

Setilaiti nazo zimerudi. Starlink ilianza kuuzwa Kenya Julai 2023. Hizi huruka kama kilomita 550 tu juu yetu, kwa hiyo ile nusu sekunde ya zamani haipo. Shule na biashara zinaweza kufaidika nazo. Lakini sahani ya Starlink haiendi mfukoni na mtu anayeshuka mtoni.

Nani analipa

Zamani tovuti nzito ilikunyima habari za mpira. Siku hizi inakunyima haki. eCitizen ilianza 2014, na mwisho wa Juni 2023 serikali ilitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimehamia huko. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, leseni, ushuru, mkopo wa chuo, nafasi ya chuo: karibu zote zina fomu mtandaoni na nyingi zina tarehe ya mwisho. Kumbuka niliyosema kuhusu kusoma na kujaza. Ukurasa wa habari ukikatika katikati, umekosa aya mbili. Fomu ikikatika katikati, unaanza upya. Na kama ulikuwa umeshalipa kwa M-Pesa na risiti haijatokea kwenye kioo, unaanza upya ukiwa na hofu.

Ndiyo maana saiba hazikufa Gusii. Zimegeuka kuwa ofisi za kujaza fomu. Wahudumu wake ni wataalamu wa tovuti za polepole kuliko mhandisi yeyote ninayemjua. Wanajua fomu ipi humfukuza mtu baada ya dakika 15, ipi hukataa picha yenye jina refu, ipi ijazwe alfajiri watu wakiwa wamelala. Nilimsikia mmoja akimwambia mzee aliyeleta karatasi za bintiye: "Tata, hii tuiache sasa. Njoo saa kumi na moja asubuhi, ndipo itakubali." Tata ni baba kwa Kigusii. Mzee akauliza kama atalipa tena. Mhudumu akasema hapana. Kwa hiyo hasara ya tovuti ile ilibebwa na nauli ya mzee na usingizi wa kijana, na aliyeitengeneza hatajua kamwe.

Mbinu za zamani kwa kazi za leo

Mafunzo ya kila kipindi bado yanafaa, na hakuna hata moja lililo ghali.

1. Kutoka Fidonet: kazi ifanyike kwanza kwenye simu. Brauza za leo zinaweza kuhifadhi alichoandika mtu kwenye simu yake na kukituma laini ikirudi. Kwenye fomu zote ninazotengeneza, kila jibu huhifadhiwa pale pale. Mtu akikatika, anaendelea alipoachia.

2. Kutoka setilaiti: punguza safari. Seva kwa kawaida hutuma takriban kilobaiti 14 kabla ya kungoja simu ijibu kwamba imepokea. Maneno muhimu na fomu yenyewe viingie kwenye fungu hilo la kwanza. Mapambo yafuate. Weka pia seva karibu: tovuti ya kaunti yetu haina sababu ya kukaa Marekani wakati KIXP iko Nairobi.

3. Kutoka Opera Mini: kamua picha wewe mwenyewe. Wachongaji wa Tabaka huniletea picha za megabaiti 4 moja kwa moja kutoka kwenye simu. Zikipunguzwa upana na kuhifadhiwa vizuri, hutosha kilobaiti 60, na mteja wa Ujerumani bado anaona mishipa ya jiwe. Anayetaka picha kubwa abonyeze aione.

4. Kutoka Ushahidi na M-Pesa: mlango wa kuingilia uwe mwepesi kuliko dirisha. Fomu ya HTML tupu hufanya kazi kwenye kila brauza, bila JavaScript hata mstari mmoja. Risiti itumwe kwa SMS, isitegemee ukurasa wa mwisho kufunguka.

5. Kutoka saiba: jaribu tovuti yako mahali inapotumika. Weka simu ya bei ya chini kwenye 2G, zima Wi-Fi, na ujaze fomu yako hadi mwisho. Kama wewe uliyeiandika umechoka, mwenye shida atachoka mara mbili.

Huwa nasikia hoja kwamba miaka michache ijayo kila bonde litakuwa na 4G au 5G na kazi hii yote itakuwa bure. Huenda minara itaongezeka, nami naiomba ije. Lakini hoja hiyohiyo ilisemwa 2009, na tumeona kilichofanyika na nafasi iliyopatikana: tuliijaza. Kasi mpya ikija bila nidhamu ya kurasa, itajazwa tena kabla haijashuka mtoni.

Katika makala ijayo nitaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kutengeneza fomu inayohifadhi majibu kwenye simu na kuyatuma laini ikirudi. Nitatumia fomu ya kuomba nafasi ya shule, maana Januari haiko mbali na saiba zitajaa.